Maharage ya Kikapuni

Juzi, nyumbani kwa mwanangu mjini Kasulu, sufuria ya umeme ilijizima yenyewe, ta!, na wali ukawa umeiva. Nikamkumbuka Mama Goreti, jirani yetu aliyetoka Burundi, nilipokuwa mtoto.

Kwetu, nyumba isiyotoa moshi ilipelekewa chakula. Kwa Mama Goreti moshi ulitoka kidogo asubuhi, kisha basi, na bado watoto wake walinenepa. Jambo hilo halikumwingia mama yangu akilini. Alasiri moja akanituma: "Nenda ukaone wanakula nini. Lakini ole wako ukionja!"

Nilimkuta Mama Goreti akifunua kikapu kilichoshindiliwa nyasi kavu na blanketi kuukuu. Ndani mlikuwa na sufuria ya maharage yanayofuka mvuke. Moto hakuna, mafiga ya baridi. Harufu ya mawese ikanishinda.

"Kula, mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa Kirundi. Nikala.

Kumbe, nilivyokuja kujua baadaye, nyasi zilikuwa zimetunza joto la asubuhi, na maharage yakaendelea kuiva humo. Siku ile mimi nilijua moja tu: maharage yanayojichemsha kikapuni yatajichemsha na tumboni. Nilirudi nyumbani nikajilaza mkekani, nikiyasikiliza yakitokota.

Wali wa mwanangu niliumaliza, lakini mkono wa kushoto ulikuwa tumboni, ukisikiliza.