Sekunde Tisa Ndani ya Kiini

Hospitalini walimwita Bi Nyaya, na jina lenyewe alilipata kihalali. Miaka ishirini na miwili iliyopita, alipoajiriwa, kompyuta zilikuwa nne tu, na yeye ndiye aliyepanda darini kwa ngazi ya kuazima, gauni amelikaza kiunoni, akivuta nyaya chumba hadi chumba huku madaktari wakipita chini wakiuliza kama huko juu kuna mtu au paka. Sasa ana miaka hamsini na minne, magoti yamegoma kupanda ngazi, na nyaya nyingi za siku zile zimeshang'olewa. Jina halikung'oka.

Chumba chake kiko mwisho wa korido ya chini, kati ya stoo ya mashuka na chumba cha jenereta. Kiyoyozi kinanguruma humo mwaka mzima kwa ajili ya seva, kompyuta kuu ya hospitali, kwa hiyo yeye huvaa sweta la kijani hata siku ambazo watu nje wanalowa jasho. Ukutani kuna kitu kimoja tu, cheti cha mfanyakazi hodari alichopewa miaka sita iliyopita. Hicho cheti msikisahau, tutakirudia.

Ndugu zake wa karibu ni kaka yake na mke wa kaka huyo, ambaye ni muuguzi katika wodi ya watoto njiti, ghorofa ya pili. Mawifi hawa wamefanya kazi jengo moja kwa miaka tisa, na utani wao una ukavu fulani.

"Wifi, mume wako hajambo?" muuguzi humuuliza kila wanapokutana kantini, akimaanisha seva.

"Hajambo, anakusalimu. Yeye angalau hakoromi kama kaka yangu."

Wanacheka, kila mtu anashika njia yake. Ungewauliza kama wanapendana, wote wawili wangekutazama kama umeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi yule wifi alikuja mpaka mlangoni kwa Bi Nyaya, bado yuko kwenye sare, akasimama bila kuingia.

"Wifi, leo sina utani," akasema. "Wananifukuza kazi."

Habari zilikuwa zimeshazagaa. Katika ile wodi kila kitanda kina mashine inayosikiliza pumzi ya mtoto. Mtoto akisahau kupumua, maana njiti husahau, mashine hutuma taarifa kwenye seva, na seva huliza kengele kwenye meza ya muuguzi. Muuguzi anatakiwa kufika na kubonyeza kitufe ndani ya sekunde tano. Ijumaa iliyopita, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, mtoto mmoja aliacha kupumua. Rekodi ya seva ilionyesha taarifa imeingia sekunde ya ishirini. Kitufe kilibonyezwa sekunde ya thelathini na tatu. Mtoto alirudi kupumua, na madaktari walimpima juu chini wakasema hana dosari, wazazi wakashukuru. Lakini sekunde kumi na tatu ni sekunde kumi na tatu, na kamati ya nidhamu ingekaa Ijumaa ya wiki hii.

"Ulikuwa wapi?" Bi Nyaya aliuliza.

"Nilikuwa palepale! Nakunja shuka, kitanda cha jirani. Nimegeuka tu, namwona mtoto midomo imebadilika rangi. Nimemrukia, nimemshika, naanza kumsugua mgongo, ndipo kengele inalia. Inalia nyuma yangu, wifi, mtoto nimeshamshika! Nikiwaambia hivyo wananitazama kama nimelewa."

Bi Nyaya naye, tuseme ukweli, alimtazama hivyohivyo. Rekodi zile alizipanga yeye mwenyewe, na katika miaka yote hakuwahi kuzikuta zimekosea hata sekunde moja. Hata hivyo alisema ataangalia. Wifi ni wifi.

Alipanda kuomba ruhusa kwa mganga mkuu. Mganga mkuu hakuinua hata kichwa.

"Angalia unavyotaka, mama. Ila usiizime. Watoto kumi na wawili wameunganishwa pale."

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Ndani kabisa ya kompyuta, chini ya programu zote unazoziona, kuna programu mama inayoitwa kiini. Kila kitu kinapita kwake. Ukitaka kuandika, kusoma, kutuma au kupokea, unamwomba yeye. Na ndani ya kiini kuna kazi ndogondogo maelfu kwa maelfu, mafundi wanaziita fanksheni, kila moja ina jina lake na mlango wake wa kuingilia na kutokea. Zinafanya kazi usiku na mchana, hakuna anayeziona, na ukizima mashine ili uzichungulie, unakuta zimeshatawanyika.

Lakini kuna ufundi wa kuzipima zikiwa hai. Unachagua fanksheni, unapachika kinasa kwenye mlango wake wa kuingilia na kingine kwenye wa kutokea. Mwombaji akiingia, kinasa kinaandika saa. Akitoka, kinaandika tena. Ukitoa saa moja kwenye nyingine, unajua alikaa humo muda gani. Mashine haisimami, watoto hawaguswi, na ukimaliza unavibandua vinasa kana kwamba hukuwahi kufika.

Bi Nyaya alikuwa ameisoma habari hii miaka mingi na kuijaribu mara mbili tatu kwenye kompyuta mbovu za stoo. Jumanne asubuhi aliijaribu kwenye kiini kilicho hai kwa mara ya kwanza. Alikipachika kinasa kwenye mlango wa kupokea taarifa, akahesabu mpaka kumi, akasimamisha hesabu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

Katika sekunde kumi mlango ule ulikuwa umefunguliwa mara elfu arobaini na moja. Wengi wa walioingia hawakumaliza hata sehemu mbili za milioni za sekunde. Na huo ni mlango mmoja, katika maelfu.

"Mungu wangu," alisema peke yake chumbani, na hakusema kwa mazoea. Miaka ishirini na miwili amekaa hatua tatu kutoka kwenye lile sanduku la chuma, akilifuta vumbi, akinywa chai pembeni yake, na ndani kulikuwa na jiji zima linakimbia. Alisikia nywele za mikono zinamsimama, na safari hii kiyoyozi hakikuhusika. Alikaa pale akipima mlango huu na ule, bila sababu ya kazi, kwa sababu tu hakuweza kuacha kutazama.

Kisha akakumbuka wifi yake, akaona aibu, akarudi kwenye lililompeleka.

Alipima njia nzima ya taarifa, tangu inapoingia hadi kengele inapolia. Palikuwa na mlango mmoja mzito kuliko mingine, ule wa kushusha maandishi kwenye diski, ghala la rekodi zote. Lakini hata huo ulichukua sehemu moja ya mia ya sekunde, ukizidi sana sehemu moja ya kumi. Jumanne ikapita hivyo, Jumatano ikapita hivyo. Nambari zilikuwa safi. Jumatano mchana alichukua karatasi, akaandika: "Nimeikagua mashine, haina kosa." Alibakiza sahihi.

Akatoka kwenda kula. Getini palikuwa na foleni ya watu wanaokuja kuona wagonjwa, na askari wa zamu, binti mmoja mwenye sauti ya kipaza, alikuwa anagombana na bwana aliyekuwa anatoka.

"Kadi yako iko wapi?"

"Dada, nimeiacha ndani. Si uandike tu nimetoka?"

"Niandike nani ametoka? Hapa wameingia watu sitini! Bila namba ya kadi nitajuaje wewe umeingia saa ngapi? Rudi, kalete kadi!"

Watu kwenye foleni walicheka. Bi Nyaya alisimama kama aliyepigwa na umeme. Kisha akageuka, na magoti yale yaliyogoma kupanda ngazi yakampeleka koridoni karibu na kukimbia.

Alikuwa amefanya kosa la fundi, la aina ambayo mtu mwingine yeyote hawezi kulifanya kwa kuwa hana pa kulifanyia. Saa ya kuingia alikuwa anaiandika mahali pamoja tu, kwa waombaji wote. Akiingia wa kwanza, saa yake inaandikwa. Akiingia wa pili kabla wa kwanza hajatoka, saa ya wa kwanza inafutwa. Kwa hiyo aliyekaa ndani muda mrefu kuliko wote, ambaye wengine wameingia na kutoka akiwa bado humo, akitoka anahesabiwa saa ya mtu mwingine aliyeingia punde. Anaonekana hakukawia. Kipimo kile kilikuwa kinamficha yuleyule aliyekuwa anatafutwa.

Alirekebisha. Kila mwombaji akapewa namba yake, na saa ikaandikwa kwa namba. Kisha akachukua mashine ya pumzi ya akiba na kengele ya akiba, akaziunganisha kwenye seva hiyohiyo, akaiagiza mashine itume taarifa ya uongo kila nusu dakika. Kengele akaiweka mezani, karibu na kikombe. Nusu dakika, kengele. Nusu dakika, kengele. Jumatano ikaisha. Alhamisi akaanza tena, mpaka watu wa stoo ya mashuka wakaja kuuliza kama amefungua shule.

Alhamisi saa tano kasoro, kengele haikulia.

Bi Nyaya aliinua kichwa. Alitazama saa ya ukutani, mshale mwembamba unaruka. Tatu. Nne. Hakupumua. Sita. Alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nane. Tisa.

Kengele ikalia.

Aliyasoma matokeo kwenye skrini. Yamepangwa kwa mistari, wa juu muda mfupi kabisa, na kila mstari wa chini muda maradufu ya ule uliotangulia. Juu kulikuwa na maelfu ya waombaji, wamebanana. Kisha mistari mitupu, mingi, hakuna kitu. Halafu chini kabisa, peke yake, nambari moja. Mwombaji mmoja, programu ya kengele, ameingia mlango wa diski na kukaa humo sekunde tisa na nukta mbili.

Akashuka hatua nyingine, akapachika vinasa kwenye diski yenyewe. Ilikuwa imechakaa mahali pamoja. Maandishi yakiangukia hapo, inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, bila kumwambia mtu. Alishangaa jinsi kitu kidogo vile, doa lisiloonekana kwa macho, lilivyoweza kuizuia pumzi ya mtoto ghorofa mbili juu.

Lakini swali lilibaki. Kwa nini kengele iisubiri diski? Kengele si ingelia kwanza, maandishi yakafuata?

Aliyafungua maagizo ya programu ya kengele. Juu kabisa, kwa maneno aliyoyajua kabla hajamaliza kuyasoma, paliandikwa: "Andika kwanza. Ukishahakikisha imeandikwa, ndipo ulize kengele." Pembeni, jina lake. Miaka sita iliyopita umeme ulikatika, rekodi moja ikapotea, wakubwa wakabishana wiki nzima kengele ililia au haikulia. Yeye akaja na agizo hilo ili rekodi isipotee tena hata moja. Na haikupotea. Wakampa cheti.

Alilia kidogo. Rekodi ile iliyokuwa inamfukuza wifi yake kazi, ndiyo iliyoizuia kengele isilie mapema. Na aliyeipa nguvu hiyo ni yeye.

Ijumaa, mbele ya kamati, alieleza yote kwa karatasi mbili: ukitoa sekunde tisa za diski kwenye zile kumi na tatu, muuguzi alitumia nne tu. Mwenyekiti alisikiliza, kisha akauliza alichotarajiwa kuuliza.

"Muuguzi ni wifi yako, siyo?"

"Ndiyo."

"Na aliyeamuru kengele isubiri maandishi ni nani?"

"Ni mimi."

Baada ya hapo hakuna aliyemshuku kwamba anambeba ndugu yake. Muuguzi alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Bi Nyaya alipewa barua ya onyo, diski mpya, na kibali cha kugeuza agizo: kengele kwanza, maandishi baadaye. Akaligeuza kabla barua haijakauka wino. Cheti alikishusha mwenyewe, ukabaki msumari.

Jioni wifi alikuja. Aliuona msumari. Akavuta kiti.

"Nionyeshe hizo sekunde zangu."

Bi Nyaya alimwonyesha ile nambari moja chini ya ile mistari mitupu. Muuguzi aliisogelea skrini.

"Mbona kadogo? Hebu zihesabu kwa sauti."

Alisimama katikati ya chumba, na Bi Nyaya akaanza kuhesabu. Moja, mbili. Mikono ya muuguzi ilikunja shuka lisilokuwepo, pembe kwa pembe, bila haraka. Tatu, nne. Akageuka. Tano. Akaruka hatua mbili, akainama. Sita, saba. Mkono wa kushoto ulikuwa umebeba kitu kidogo sana, wa kulia unasugua. Nane. Tisa. Bi Nyaya akagusa kengele ya akiba.

"Hapo," muuguzi alisema, mgongo kwake, mikono bado imebeba. "Hapohapo."

Kiyoyozi kilinguruma. Bi Nyaya aliona ni lazima aseme.

"Wifi, siku ile ulipokuja mlangoni, sikukuamini."

"Najua," alisema wifi, akishusha mikono. "Lakini ulipima."

Akachukua mkoba wake, na alipofika mlangoni akageuka kuitazama seva, lile sanduku la chuma lenye vitaa vinavyokonyeza.

"Haya, mume wako nimuage vipi?"

"Mwambie kwaheri tu," Bi Nyaya alijibu, akifuta macho kwa ncha ya sweta. "Anasikia."