Majina Kumi na Nahodha

Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni. Nikiambiwa lori la Wajir linaondoka saa nne, nafika saa mbili nikague magurudumu. Kwa hiyo asishangae mtu nikisema kwamba niligombana hata na mwamuzi wa ndani ya kompyuta.

Mchezo ulikuwa wa kriketi, na ulikaa kwenye mashine ya ofisi yetu pale Garissa, ofisi ya misaada iliyopeleka maji na unga kambini Dadaab. Nilikuwa karani. Aliyeuweka ni mhasibu mmoja Mhindi aliyekuja kutoka Nairobi kila mwezi; alinionyesha jinsi ya kupiga na kurusha, kisha akarudi kwake akaniachia ugonjwa. Sijawahi kushika gongo la kriketi maishani mwangu. Lakini mchana, wenzangu wakienda kuswali na kulala, mimi nilivuta pazia nikacheza mechi mpaka saa tisa.

Yule mwamuzi alinionea, na hilo nitalisema hadi kaburini. Mpira ukigusa mguu wa mchezaji wangu, kidole juu, toka. Ukigusa wa kwao, anatazama mawingu. Niliamini kabisa kwamba aliyeutengeneza mchezo alikuwa na ndugu upande wa pili.

Kilichonishika zaidi ni ile sehemu ya misimu. Unaunda timu ya watu kumi na mmoja, na kila mchezaji ana maisha yake: anaanza kijana, anapanda, anazeeka, anastaafu. Walikuja na majina ya Kizungu. Nani atawahurumia watu asiowajua? Nikawabadilisha kumi, nikawapa majina ya wanaume wa hoteli ya chai tuliyokaa kila jioni. Nahodha nikamwacha na Uzungu wake. Watatu kati ya wale kumi walikuwa na jina moja, basi nikawaandikia wote la mtu, la baba na la babu, kama tunavyotajana sisi Wasomali. Mchezo ukauliza umri, nikajaza. Ukauliza kila mtu anapiga kwa mkono gani, nikajaza pia.

Wa kwanza kupiga alikuwa rafiki yangu, mwenye hoteli hiyo ya chai. Nilimwandika kushoto. Mbele za watu alikula kwa kulia na kumimina chai kwa kulia, maana utotoni mama yake aliufunga ule wa kushoto kwa kitambaa mpaka akauacha. Lakini tulipokuwa wawili kando ya Tana, tukirusha mawe, aliutumia, na hakukosa. Hilo tulilijua watu watatu tu: yeye, mama yake na mimi. Kwenye mchezo mkono huo ulimfanya nyota.

Siku moja nikachapisha orodha ya timu, ili niipange upya nyumbani. Nikapitia hotelini, nikanywa chai, nikaenda zangu. Karatasi ikabaki mezani, nami nikadhani nimeisahau ofisini.

Kesho yake mazungumzo yalikatika nilipoingia. Siku ya tatu wakaanza kunisemesha Kiswahili. Asiyetoka kwetu hatajua uzito wa jambo hilo. Kiswahili kwetu ni cha ofisi, cha polisi, cha mgeni.

“Karibu, bwana,” akasema mmoja, mtu niliyesoma naye chuo cha Kurani. “Habari ya ofisi? Iko fizuri?”

Nikashuku, kama kawaida yangu, jambo lisilokuwepo. Nikajiambia wamejua nacheza na mashine ya kazi, wanataka kunichongea kwa bosi ili mpwa wa mtu apate kiti changu. Nikaanza kujifungia kwa ufunguo mchana, na kuchungulia dirishani kabla ya kuwasha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, nikimtazama rafiki yangu akinimiminia chai bila kuniangalia usoni.

Jumatatu iliyofuata hoteli haikufunguliwa. Rafiki yangu alikuwa amepanda lori lililorudi Wajir tupu, aende Tarbaj kwa mjomba wake. Saa sita mama yake akaingia ofisini, akafungua pindo la mtandio, akatoa karatasi yangu.

“Mwanangu, mtoto wangu umempeleka kwa nani?”

Ndipo nikaiona kwa macho yao. Majina matatu matatu, umri, nambari, kwenye karatasi ya ofisi. Kila mtu mzima alikumbuka ile skriningi, tulipopangwa foleni tuthibitishe kwamba sisi ni Wakenya, na aliyepita akapewa kadi ya pili juu ya kitambulisho. Mimi nilipita. Rafiki yangu alikuwa malishoni na ngamia, hakuipata, na tangu hapo aliishi akikwepa kila gari la polisi. Wale tisa wengine walishuku tu. Yeye aliposomewa habari ya mkono wake, alijua nani ameandika.

Nikawasha mashine. Akamtazama yule mtu mdogo wa nguo nyeupe akipiga kwa kushoto.

“Huyu ndiye?”

“Ndiye, eeddo,” nikasema, nikimwita shangazi kwa heshima. “Ni mchezo tu.”

Hakucheka. “Twende ukamwambie mwenyewe kwenye taar.”

Taar ni ile redio ya kuitana, chumba kimoja sokoni. Mtu wa Tarbaj anatafutwa leo, kesho anakuja kuzungumza, na kila mwenye redio hadi Buna anasikia. Siku ya pili nikasimama mbele ya kipaza sauti, wanaume wa chai wamejaa mlangoni. Mtu mzima mwenye kazi nikaeleza mpira na gongo huku jasho linanitoka. Nikasema yeye ndiye bora kuliko wote. Nikaapa wallahi si orodha ya serikali.

“Nimesikia, bwana,” rafiki yangu akajibu kwa Kiswahili.

Mama yake akanipokonya kipaza sauti, akamwambia ameona kwa macho yake. Kisha rafiki yangu akasema kwa Kisomali, na moyo wangu ukarudi mahali pake.

“Walaal, ndugu yangu, timu ni watu wangapi?”

“Kumi na mmoja.”

“Nilisomewa kumi wa kwetu na Mzungu mmoja. Jina lako liko wapi?”

Jibu nilikuwa nalo. Sikuwahi kuandika jina langu mahali pasipolazimu, hata kwenye mchezo, kwa sababu sikujua mashine ile inampelekea nani habari. Mwenye redio akaniashiria nibonyeze kitufe, niseme.

“Sikujiandika,” nikasema, na Garissa nzima ikanisikia.