Ukiitwa Mara Moja

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, pale Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, kuitika kulikuwa na sheria zake, na aliyeziweka ni bibi yangu mzaa baba. Tulimwita Hawe, kama Wagiriama wanavyomwita bibi. Alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, kitambaa cheupe kichwani. Lakini kanisa lilikuwa na mambo yake na jua la saa saba lilikuwa na mambo yake, na Hawe hakuyachanganya. Saa saba mchana, alisema, ndipo wanapopita wasioonekana.

"Ukiitwa mara moja, Kadzo, nyamaza. Mtu huita akarudia. Kisichokuwa mtu huita mara moja tu, na ukikiitika kimekupata."

Basi mama akiniita nilingoja ile ya pili, ndipo nijibu "Abee." Mama alikuwa akiuza vitunguu soko la Kongowea tangu alfajiri, na akirudi hana nguvu ya kumwita mtu mara mbili. "Huyu mtoto ameharibiwa na mamako," alimwambia baba, na baba akajifanya anafunga kamba za viatu.

Siku moja nikasahau. Nilikuwa nimetumwa chumvi dukani, jua liko utosini, na kijia cha nyuma ya vyoo vya ploti yetu, nyumba ya vyumba vingi vya kupanga, hakina mtu. Nikaitwa. "Kadzo." Mara moja. Mawazo yangu yalikuwa kwenye peremende, nikaitika "Abee" kwa sauti nzuri ya mtoto mwenye adabu. Nilipogeuka niliona ukuta na kuku mmoja anayeparua takataka.

Siku hiyo hiyo homa ikanishika. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba shingo haikunjiki na mwanga unaniumiza. Nilipopata nafuu, kitandani hospitalini, midomo ya watu ilikuwa ikicheza na hakitoki kitu. Nilidhani wamekubaliana kunitania. Kisha kijiko kikamponyoka mama, nikakiona kinadunda sakafuni bila kelele yoyote, nikaelewa. Kimenipata.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nilionywa, nikaitika hata hivyo? Tulirudi nyumbani, nikakaa mlangoni siku baada ya siku. Watoto wa ploti walikuja mwanzoni, wakanipungia mikono, wakachoka. Watu hudhani kiziwi yumo katika kimya. Mimi kichwani mwangu mlikuwa na mvumo usiokatika, na chini ya mvumo huo mlikuwa na siri yangu, na hapakuwa na pa kuikimbia. Kuongea niliacha kabisa, kwa hofu kwamba nikifungua mdomo itatoka yenyewe.

Hospitali ile ilikuwa na watafiti waliofuatilia watoto waliopoteza usikivu kwa homa hiyo. Walimwambia mama pasipotezwe muda, kwa sababu baada ya homa kama ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio huanza kugeuka mfupa, na ikishaziba waya haupiti. Waya wenyewe ni mwembamba sana. Huingizwa ndani ya sikio kwa upasuaji, huunganishwa na sumaku iliyo chini ya ngozi ya kichwa, kisha nje huvaliwa kifaa kidogo cha kukamata sauti. Haya yote alielezwa mama. Mimi nilionyeshwa picha ya mtoto anayecheka, nikanyolewa nusu ya kichwa.

Siku kifaa kilipowashwa, mama alikuwa ameleta leso ya kujifutia machozi ya furaha. Nilichokisikia mimi hakikuwa sauti ya mtu. Kilikuwa mkwaruzo, kama bati linaloburutwa barabarani. Sasa najua wengi huanza hivyo, na kwamba ubongo hufundishwa kwa miezi na miaka mpaka mkwaruzo ule uwe maneno. Lakini nani angeniambia, na sisikii? Nikalia, na wote wakadhani ni kwa sababu nimesikia.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha kusikia upya alikuwa Mwalimu Achieng', msichana mrefu wa kutoka Kisumu, mpole kupita kiasi. Chumba chake kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kuta zimefunikwa zulia, na mlango ukifungwa unahisi masikio yakibanwa. Mezani kulikuwa na kopo, punje za kunde, na kompyuta iliyounganishwa na kifaa changu; ikileta milio yake, sauti za chumbani hufungwa. Alinionyesha kwa vitendo: shika punje karibu na shavu; ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, itupe koponi. Kwa njia hiyo angejua kifaa kipandishwe au kishushwe kiasi gani.

Mlio ukaja. Mmoja. Kisha kimya. Ukaja mwingine, nao mmoja, kisha kimya.

Kilichoniita kule nyuma ya vyoo kilikuwa kimefunguliwa njia na madaktari, sasa kinaniita nikiwa nimeketi, kutoka ndani ya kichwa changu mwenyewe. Safari hii siitiki, nikasema moyoni. Nikaibana ile punje. Mwalimu akapandisha mlio, nikabana. Akapandisha tena mpaka chozi likanitoka, na mkono wangu haukufunguka. Hivyo hivyo juma la pili, la tatu, la nne. Kila Alhamisi nilivutwa na mama mpaka mlangoni mwa kile chumba, na kila Alhamisi nilitoka na alama ya kunde kiganjani.

Mwalimu Achieng' alimwambia mama ukweli. Kama sionyeshi ninachosikia, hawezi kukirekebisha kifaa, na kisiporekebishwa kitabaki kelele tupu. Mwisho wa mwezi nafasi yangu ya mafunzo angepewa mtoto mwingine aliyekuwa akingoja, nami ningebaki na waya kichwani usionifaa kitu. Akamwomba mama aje na mtu ninayeshinda naye nyumbani. Akaja Hawe, na nguo zake za kanisa.

Yaliyosemwa mle ndani alinisimulia mama baadaye.

"Shikamoo, Mama," Mwalimu alimwamkia Hawe.

"Marahaba, mwanangu."

"Mashine inanionyesha mshipa wa sikio unajibu vizuri. Anayekataa ni mtoto mwenyewe. Naogopa namuumiza, na sijui nimekosea wapi."

Hawe aliutazama mkono wangu. Aliona kwamba kila Mwalimu alipobonyeza mlio vidole vyangu vilikaza, na ulipokatika vililegea.

"Hicho chombo chako huita mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Halafu tunangoja."

"Utangoja mpaka kiama. Kiambie kirudie."

Mama anasema alitamani ardhi ipasuke aingie. Lakini Mwalimu Achieng', pamoja na kisomo chake chote, hakucheka. Akageukia kompyuta yake, akabonyeza.

Mlio ukaja, ukarudia. Mkono wangu ukafunguka wenyewe, punje ikaanguka koponi.

Mwalimu akaushusha mlio, mara mbili mbili, akashusha tena, mpaka ikawa milio ambayo hata leo sijui niliipataje, na punje ziliendelea kuanguka. Mama alikuwa amesimama. Ndipo nikaanza kulia, na maneno niliyoyafungia miezi kumi yakatoka kwa makelele, maana sikujua kupima sauti yangu: "Niliitika, Hawe. Kiliniita mara moja, nikaitika."

Hawe alipiga magoti, yeye ambaye magoti yalimuuma hata kanisani. Akamwashiria Mwalimu anirudishie sauti za mle chumbani. Akanishika uso kwa mikono miwili ili niione midomo yake.

"Ni mimi niliyekuita," alisema. "Kadzo, ni mimi niliyekuita."

Sauti ilikuwa ya bati, lakini midomo ilikuwa ya bibi yangu, na alisema mara mbili. Nilimwamini papo hapo. Nililala njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mafunzo yakachukua miaka mitatu. Maji ya bomba, jina langu, tofauti ya "baba" na "papa". Nyumbani Hawe alijificha nyuma ya pazia akaniita mara moja, mara moja tu, na nisipoitika hapo hapo nilinyimwa kaimati. Ile sheria yake aliivunja mwenyewe, tena kila siku.

Nami nikawa mtoto wa maneno mengi. Nilimwambia kila mtu kwenye ploti kwamba hakuna shetani wala nini, ni Hawe aliyeniita saa saba siku ile nilipougua. Nilijivunia habari hiyo. Anayejua mambo ya kijijini kwetu Kaloleni, kwenye shamba la Hawe, atakuwa ameshashika kichwa. Mwanamke mzee, nywele nyeupe, mjane mwenye shamba. Mjukuu wake anaitwa mchana, anaitika, siku hiyo hiyo anaugua na masikio yanakwenda. Na mzee mwenyewe amekiri. Kwa maneno hayo wazee wameitwa wachawi, wakauawa na watoto wao wenyewe.

Habari ikafika nyumbani. Wakaja ndugu zake baba, wanawe Hawe, wakaketi nje, chai hawakuigusa, wakamwambia asikanyage tena kwao. Tangu siku hiyo Hawe hakwenda tena Kaloleni, si kupanda, si kumzika dada yake. Alikaa chumba kimoja nasi Ziwa la Ng'ombe miaka kumi na miwili, akiwauliza wapita njia kama mvua imenyesha huko. Alipofariki, wale ndugu walituma ujumbe kwamba asipelekwe Kaloleni. Tulimzika makaburi ya mjini.

Mwaka jana nilikuwa kwa mama, tunamenya mihogo, nikasema ajabu ya Hawe, kuniita mara moja yeye aliyetukataza kuitika mwito mmoja. Mama akaweka kisu chini.

"Siku ile Hawe hakuwapo. Alikuwa Voi, mkutano wa kina mama wa kanisa. Nilimsindikiza mwenyewe stejini kupanda basi alfajiri, wewe ungali umelala. Alirudi wewe umeshalazwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema mle mle chumbani. Akaniangalia. Tena walipokuja wale nikamwambia, sasa waambie ukweli. Akasema, nikiwaambia wao, mtoto atasikia, na ataacha kuitika."

Ni nani aliyeniita, sijui. Huenda ni mtoto upande wa pili wa ukuta. Huenda homa ilikuwa imeshaingia masikioni. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba Hawe aliamini. Kwake, kile kinachoita mara moja kilikuwepo kweli, na aliamini kimenichukua. Akaingia mahali pake na kusema ni yeye, ili mimi nitoke. Na mimi kwa mdomo wangu nikamfungia mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda Kaloleni. Katika wale ndugu amebaki mmoja, mzee sana, ameketi mbele ya nyumba iliyokuwa ya Hawe. Nikamwamkia, nikaketi. Nikamwambia: siku niliyougua, mama yenu hakuwapo Mombasa, alidanganya kwa ajili yangu.

Akatazama shambani, hakunijibu.

Nikarudia.