Chupa Zilizo Chini ya Turubai

Taarifa ya kifo chake ilinikuta Kolo, nikiwa mpita njia kama kawaida yangu ya kutotulia mahali. Wasomaji wangu wengi hamkumjua, ila huenda mmewahi kukaangia mafuta yake. Alikuwa mkamuaji wa alizeti, mzee mwenye mashine moja na kibanda cha mbao kando ya barabara ya Mpwapwa, na kila nilipopita njia ile nilishuka basi nikampa shikamoo yake. Tangu nipate habari zile nina wasiwasi, na si wa msiba peke yake.

Kwenye barabara ile wauza mafuta hupanga chupa zao juani. Mnunuzi huinyanyua chupa, huitazama ikipigwa na jua, na ikimetameta kama asali ameridhika. Mzee naye alifanya hivyo miaka yote, mpaka mjukuu wake alipoanza kutembea kwa miguu iliyopinda. Mtoto alilelewa Mkonze, kwenye nyumba yenye ukuta na geti, akishinda ndani na runinga mpaka wazazi watoke kazini. Daktari akasema ni matege. Mwili umepungukiwa vitamini D, ile tunayoipata kwa jua na kwa vyakula vichache. "Dodoma yote hii jua tupu," mzee aliniambia kama mtu anayeona aibu, "halafu mjukuu wangu ndiye amekosa jua." Akaenda kujifunza namna ya kuongeza vitamini hiyo kwenye mafuta. Huko akaelezwa kwamba mwanga mkali huiharibu. Aliporudi aliingiza chupa zote kivulini na kuzifunika kwa turubai.

Wateja wakaanza kumkwepa. Siku moja nikiwa nimekaa naye, mama mmoja aliyezoea kununua pale aliinama kuchungulia. "Mzee, mafuta unayaficha kama gongo?"

"Siyafichi. Jua linakula nilichokitia."

"Linakula mafuta? Basi mimi lingeshanimaliza shambani."

"Hicho kitenge chako, ulipokinunua kilikuwa na rangi gani?"

Mama akakitazama, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akavuka barabara, akanunua chupa ya jirani iliyokuwa ikimetameta.

Husemwa kizuri chajiuza. Alichokitia mzee hakikujiuza, kwa kuwa hakikuwa na rangi, ladha wala harufu. Sisi tuliokulia huku enzi zile tulishinda nje na mbuzi, tukarudi jioni tumepauka kwa vumbi, na hakuna aliyejua hata jina la vitamini. Mji umekua, tumejenga kuta, na tulichokipata bure sasa tunahitaji mtu atutilie kwenye chakula. Akishatutilia, tunamwona mwizi.

Nilifika msibani baada ya mazishi. Mjukuu alikuwa akikimbia uani. Kwa dawa, jua la asubuhi na chakula, miguu imeanza kunyooka. Pale kibandani, mtoto wa kiume wa marehemu, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa ameshaanza kupanga chupa juani. Mama yake akamwambia bila kupaza sauti, "Zirudishe."

"Mama, watu hawanunui wasichokiona. Tutafunga mashine."

"Na watoto?"

"Wetu si amepona?"

"Nimesema watoto."

Akazirudisha, isipokuwa moja. Mama aliitazama ile moja. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe si unaandika gazetini, baba? Waambie."

Basi nawaambia, kwa hofu kwamba huenda nimechelewa. Leo ni chupa moja juani, na njaa ya nyumba ile inaweza kuzitoa zote zilizobaki. Mzee alifanya sehemu yake hadi alipofukiwa. Iliyobaki ni yetu sisi tunaonyanyua chupa na kuamua kwa macho. Ukipita barabara ile, iache inayometameta. Uliza zilizo chini ya turubai.