Fundi Kyule na Modemu ya Kisima

Mtaani Lucky Summer, Nairobi, hakuna kitu kinachoachwa uchi. Taa ya ngazini ina kizimba chake, mita ya stima ina chake, mfereji umetiwa kufuli, na duka la dawa linakuuzia ya kichwa kupitia tundu linaloingia mkono mmoja tu. Sehemu kubwa ya chuma hicho, kuanzia upande wa Baba Dogo hadi kule chini mtoni, imechomelewa na mtu mmoja, Kyule. Mwizi akimwona na mashine yake ya kuchomelea huvuka barabara kwa heshima, au ndivyo Kyule mwenyewe alivyopenda kusema.

Alikuja kutoka Mwingi akiwa kijana mwenye macho mazuri na mikono mizito. Macho yakaungua kidogo kidogo kwa cheche, mikono ikawa myepesi. Baada ya milango na madirisha akajifunza nyaya za stima, baada ya nyaya akajifunza kamera, na watu wakaanza kumwita kwa kila kitu chenye taa ndogo. Kyule hakuwahi kusema hajui. Aliliona neno hilo kama kidonda, halionyeshwi watu.

Basi kulikuwa na kisima. Kilichimbwa na wenyeji wa ploti kadhaa waliochoka kungoja maji ya mfereji yasiyokuja. Walinunua pampu, wakajenga kioski cha kuuzia maji, wakamchagua mjane mmoja aitwaye Triza, Mama Shirleen, akitunze. Triza alikuwa mtu wa maneno machache. Katika jumuiya yao ndogo ya Kikristo, ile ile ya Kyule na mkewe Kathini, ndiye aliyesoma somo la kwanza, na alilisoma polepole kana kwamba kila neno ni la kuazima. Funguo za kioski alizivaa shingoni kwa kamba, hata siku ya Jumapili.

Shida ya kisima ni kiangazi. Maji hushuka, na pampu ikivuta hewa badala ya maji huungua. Mwenyekiti wa chama cha maji, mzee Mugo, akasikia kwamba viwandani wanatumia modemu: kijisanduku kinachotiwa laini kama simu yoyote, ila hakipigi soga na mtu, kazi yake ni kusema hali ya mashine. Maji yakishuka, kinatuma meseji kwa simu ya Triza, naye Triza anakimbia kuzima pampu. Kazi ya kukiweka akapewa nani tena kama si Kyule.

Dukani mjini alihudumiwa na dada aitwaye Eve, ambaye alimfungulia modemu na kumweleza pole pole.

"Fundi, hii antena ikae nje, juu kabisa," Eve alisema. "Usiifungie ndani ya chuma, itakosa netiwaki. Na ukishamaliza kufunga kila kitu, test tena. Usitest ile ya mwanzo pekee."

"Sawa sawa, madam," Kyule akajibu, na moyoni akacheka. Nje? Juu? Labda huko mtaa wa Fedha, kwa wenye nazo, mtu huacha kitu juu ya paa akakikuta asubuhi. Lucky Summer antena hiyo ingefika kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya chai ya saa nne. Wasomi hawa, akajiambia, wanajua netiwaki lakini hawajui wezi.

Siku ya kuizindua modemu watu walifurika. Kyule aliiweka juu ya meza ya kioski, akainua kwa mkono kidude cha kupimia maji kutoka kwenye ndoo, kana kwamba maji ya kisima yameshuka, na mara simu ya Triza ikalia: MAJI CHINI. ZIMA PAMPU. Makofi yakapigwa, katekista akaomba, soda zikafunguliwa. Watu walipotawanyika, Kyule akatoa mashine yake akafanya kile anachokijua kuliko vyote. Alikunja bati nene, akalichomelea kuwa sanduku, akaitia modemu ndani, antena na yote, akaacha tundu la kidole kimoja ili taa ya kijani ionekane. Kilikuwa kizimba kizuri mno. Alikigonga kwa nyundo, akatabasamu.

Kulikuwa na jambo jingine. Modemu ilikuwa imepangwa itume meseji kila asubuhi kusema iko hai. Kyule aliizima hiyo kwa sababu ilikuwa inakula kredo ya laini bure. Na kujaribu tena hakujaribu. Ajaribu nini, na taa inawaka? Taa ile, Bwana Kyule, ilikuwa inasema stima ipo, basi. Hata taa ya friji huwaka na ndani hamna kitu.

Kiangazi kilipofika, Triza alikuwa na homa. Alasiri moja aliwasha pampu ijaze tangi, akavuka kichochoro hadi nyumbani kwake, akajilaza na simu kifuani ili ikilia aisikie hata kwenye mifupa. Aliposhtuka kurudi, bomba lilikuwa linakohoa upepo. Pampu ilikuwa imeungua huko chini ardhini, na kisima kikanyamaza.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, uani mwa kanisa. Mugo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti ambaye pampu imeungua mikononi mwake, na mtu wa hivyo hutafuta mikono mingine.

"Mama Shirleen, meseji haikukuja?"

"Haikukuja, Mwenyekiti."

Mugo akamgeukia Kyule. "Fundi, hio kitu inaweza kosa kutuma?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema, ngojeni niende nikaangalie. Ingemgharimu nini? Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na Kyule alipotazamwa na watu ulimi wake ulitangulia mbele ya akili.

"Mwenyekiti, hio modemu ni ya viwanda, si toy ya watoto," alisema. "Taa iko green mpaka saa hii, enda uone. Ikisema, imesema. Labda simu ndio ilikuwa silent."

Ulimi hauna mfupa. Macho yote yakahama kutoka kwa Kyule hadi kwa Triza, na Kyule akaona raha ya kutotazamwa. Raha hiyo ndiyo iliyomrudia baadaye usiku na mchana.

Triza aliitoa simu yake, akaiangalia kana kwamba itamtetea. "Nilikuwa nimejilaza, nilikuwa na homa," alisema. "Pengine ilikuja usingizi ukiwa umenishika, nikaifuta bila kujua. Sijui. Pengine."

Neno hilo likammaliza. Mnyonge akianza kujishtaki mwenyewe, nani atahangaika kumtetea? Mugo alinyoosha mkono kuomba funguo. Triza alijaribu kuivua ile kamba, ikanasa kwenye kitambaa cha kichwa, na kwa kuwa Kyule ndiye aliyekaa karibu, ndiye aliyemsaidia kuinasua. Alifanya hivyo kwa upole sana. Triza akamwambia asante.

Ikawa sasa akina mama wanateka maji mbali, mitungi mgongoni, na kila hatua wana jina la kulitaja. Hakuna aliyemkataza Triza kusoma jumuiyani. Aliacha mwenyewe, akawa anakaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya chai. Kathini alimwona, na jioni akamwambia mumewe.

"Baba Mutua, Triza si mtu wa kulala kazini."

"Mashine haidanganyi, Kathini."

"Sijasema inadanganya. Nauliza kama uliiangalia."

Kyule akapuliza chai ambayo tayari ilikuwa imepoa.

Pampu mpya ilipopatikana, mafundi wa visima waliishusha, na Kyule akaitwa kuunganisha modemu. Habari ilikuwa imeenea, kwa hivyo foleni ya mitungi ilianza mlangoni mwa kioski ikapinda hadi kwa kinyozi. Kathini naye alikuwa humo na mtungi wake. Nyaya za pampu mpya zilikuwa nene, tundu la kizimba halikuzitosha, na Kyule hakuwa na la kufanya ila kuwasha grainda na kukata kazi yake mwenyewe. Alikata upande mzima wa mbele, akauondoa, akarudisha umeme wa modemu, uliokuwa umezimwa pampu ya zamani ilipotolewa.

Taa ya kijani ikawaka. Kando yake kulikuwa na taa ya pili, ya netiwaki, ambayo tundu lile la kidole halikuwahi kuionyesha. Ilikuwa nyekundu. Ikapepesa, ikapepesa, kisha ikatulia ikawa kijani nayo. Kyule akaitazama. Akaegemeza bati mahali pake, akangoja, akachungulia kwa pembeni: nyekundu. Akaliondoa: kijani. Akarudia tena, ingawa hakuwa na haja ya kurudia.

Jasho lilimtoka akiwa kivulini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mwiba huu alikuwa amemdunga mtu mwingine, tena mgonjwa, kisha akamshika kichwa amsaidie kuvua kamba. Maneno ya yule dada wa dukani yalimjia yote, mpaka sauti yake. 

Sasa mtu mwema angefanya nini? Msiniulize mimi, muulizeni Kyule alichofanya. Alitazama nyuma, akaona hakuna aliyeona. Akaanza kupanga. Angetoboa paa, apitishe antena juu kimya kimya, aizungushie nondo chache, na wakimuuliza aseme ameiongezea nguvu. Hata sentensi alishaichagua: "Nimeiboresha kidogo." Aliijaribu chini kwa chini, ikamtoka vizuri, na ndipo aliposikia mtu anapiga kelele njiani.

"Zima! Zimeni pampu! Zimeni!"

Alikuwa Triza. Alikuja mbio, leso kiunoni, kandambili moja mguuni na nyingine imeachwa huko kwenye kichochoro, simu ameishika juu; hakuna aliyekumbuka kuitoa namba yake kwenye modemu. Watu wa foleni waliokuwa wamemnunia miezi hii wakajikuta wanampisha.

Mugo alimzuia mlangoni. "Mama Shirleen, si hii maneno tulimaliza? Umefuata nini hapa?"

"Nifukuzeni baadaye," Triza alisema, pumzi hazimtoshi. "Zimeni kwanza. Maji iko chini, meseji ndio hii imekuja. Saa hii tu! Sijalala, nimekuja hio saa hio saa." Simu ikalia tena mkononi mwake. Ikalia tena. "Mnasikia? Fundi, tafadhali, zima. Nimechelewa?"

Pampu haikuwa hata imewashwa. Kyule alisimama na grainda mkononi, akashindwa kumwangalia usoni, akawa anaangalia ule mguu usio na kandambili, vumbi limeupaka hadi kifundoni. Mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili ya pampu alikuwa amekimbia kuiokoa pampu.

Mugo aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasoma. Kila meseji ilibeba ndani yake siku ilipoandikwa. Akakunja uso. "Hii ni ya ile siku. Hii pia. Zote ni za ile siku pampu iliungua." Akamgeukia fundi wake. "Fundi, hii ni nini sasa?"

Uongo ulikuwa karibu na rahisi. Angeweza kusingizia kampuni ya simu, na nani Nairobi asingeamini? Kyule alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi wake ukamngoja.

"Ni mimi, Mwenyekiti," alisema. "Antena niliifungia ndani ya chuma. Nikaambiwa nisiifungie, nikaifungia. Ile siku modemu ilikuwa inajaribu kutuma, meseji zikashindwa kutoka, ikaziweka. Leo nimekata chuma, ndio zimetoka. Hata sikutest. Nikawaambia mbele ya kanisa iko sawa na sikuwa nimeangalia."

Triza alimtazama Kyule kama mtu anayesikiliza lugha aliyoisahau.

"Kwa hivyo simu haikulia," alisema.

"Haikulia, Mama Shirleen."

"Mimi kila siku nimekuwa nikijiuliza, ni usingizi gani huo ulinishika mpaka simu ilie kwa kifua yangu na nisiisikie." Aliketi juu ya mtungi wa mtu mwingine. "Nikasema labda akili yangu imeanza kuniacha. Hata Shirleen nilimwambia akuje aishi na mimi."

Kyule alitaka kusema pole. Neno hilo lilikuwa dogo mno kwa kazi hiyo, na alilijua, lakini alilisema hivyo hivyo. Triza hakulipokea wala hakulikataa.

"Sema tena ile ingine," alimwambia. "Ile ya antena. Sema kwa sauti, wale wa kwa kinyozi hawajasikia."

Kyule akaweka grainda chini, akatoka nje penye jua, akawageukia watu na mitungi yao, na mkewe katikati yao. Akaanza tena tangu mwanzo.