Bili ya Giza

Siku ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu Bahati, ni ile tuliyokwenda watu wa mtaa mzima kwenye ofisi ya umeme, mimi nikiwa mbele. Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha ile karatasi ya benki. Unataka kutia sahihi ili umeme, maji na pesa za shule vikatwe kwenye mshahara wako kila mwezi, nawe usisumbuke tena. Umeniuliza kama ni jambo zuri. Kaa basi, maana jibu langu ni refu, na halifurahishi.

Papa yako, baba yako yule mwalimu, alitia sahihi karatasi ya namna hiyo kabla yako, wewe ukiwa bado mdogo. Walimu walikuwa wameanza kulipwa kupitia benki, na huko benki wakamwambia wanaweza kumlipia umeme moja kwa moja. Sitamsema vibaya. Zamani alikuwa akienda kulipa kwa mkono, anasimama foleni tangu asubuhi, na mara nyingine pesa ilikuwa imeshaliwa kabla hajafika dirishani, maana mwalimu ana ndugu wengi siku ya mshahara. Mwezi mmoja wakatukatia umeme. Nilikuwa nimejaza friza samaki wa kuuza, walioletwa kwa boti kupanda mto kutoka Barumbu, wakaoza wote. Nililia, nikamtukana, nikamwambia mwanaume anayeshindwa kulinda friza moja atalinda nini. Nilikuwa na ulimi, mwanangu. Bado ninao, ila umechoka.

Basi akaenda kutia sahihi. Baada ya hapo hatukukatiwa tena. Samaki wangu waliganda vizuri, wake wa askari walikuja kununua kutoka kambi ya Kapalata, dada zako wakasoma. Foleni ikaisha na ugomvi ukaisha. Mtu akikuambia mpango ule hauna faida, usimsikilize. Faida yake nimeila mimi kwa mikono miwili. Ila sikuwahi kumuuliza papa yako umeme unalipwaje. Friza ilinguruma, nikatosheka.

Kisha transfoma ya mtaa wetu ikaungua, mchana mmoja wa mvua. Tulidhani ni mambo ya siku chache. Miezi ikapita tukiwa gizani, na bili ziliendelea kuja, maana kwetu hakukuwa na mita. Ulitakiwa kulipa kiasi kile kile, umeme uwepo usiwepo. Papa Asumani, mzee wetu wa mtaa, fundi cherehani aliyetoka Maniema, akatukusanya uani kwake. Tukakubaliana kwamba hakuna nyumba itakayolipa mpaka transfoma ibadilishwe. Hatukuwa na nguvu nyingine juu ya wale watu isipokuwa kuwanyima pesa. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilisema atakayelipa ametuuza, na nisimwone mlangoni kwangu. Papa yako alikuwa amekaa nyuma kwenye benchi, anaangalia viatu vyake. Nilidhani amechoka na shule.

Elewa nilivyofikiri, mwanangu. Hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwetu na pesa mkononi kwenda kulipa. Kwa hiyo niliamini kabisa kwamba hatulipi.

Tukaenda ofisini. Papa yako alikuja pia, nilimlazimisha, nikisema mwalimu akiwepo wataogopa. Karani aliyetupokea alikuwa kijana mpole, shati safi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaangalia kompyuta yake kwa muda.

"Bon, mama," akaniambia, "munasema courant, umeme, haiko mu avenue yenu, na hakuna mutu analipa. Lakini miye naona hapa abonné moja, mteja wetu. Kila mwezi analipa, hajakosa hata mara moja. Kama courant haiko, ule mutu iko analipa nini?"

"Ni bongo, uongo mutupu!" nikasema. "Kama iko, taja jina yake!"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakaitikia, ataje, ataje. Naye akataja jina la papa yako.

Niliona shingo zote zikigeuka kumtazama. Aibu ilinipanda, na badala ya kunyamaza nikamrukia papa yako kwa maneno. Nilimwambia mbele ya majirani zake, na mbele ya yule kijana, mambo ambayo mke hamwambii hata mbwa wa nyumbani. Karani akasema hawezi kuandika kwamba mtaa hauna umeme wakati kuna mteja anayeulipia bila kulalamika. Safari yetu ikaishia hapo.

Nje, Papa Asumani alinisimamisha kando ya ukuta. Sijasahau sauti yake, haikupanda hata kidogo.

"Mama Bahati, courant ilikuwa mu congélateur yako, ile friza ya samaki, miaka yote ile. Uliuliza hata siku moja nani iko analipa, na analipa namna gani? Hapana. Ulikuwa unauzisha samaki. Sasa leo unamupigia kelele mbele ya batu. Bwana yako amekosa, ndiyo, alipashwa kutuambia. Lakini wewe ulikula ku ile mkono bila kuiangalia."

Njiani papa yako alitembea mbele yangu hatua kadhaa. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema.

"Nilienda kuisimamisha ile malipo. Banki ikasema, nenda kwanza ku bale ba courant bakupe mukanda, barua ya kusimamisha. Bale ba courant banasema, rudia ku banki. Nilirudia tena, ni ile ile. Bon, nikanyamaza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa," akasema.

Neno hilo, mwanangu, ndilo ninalolala nalo. Karatasi ile aliitia sahihi kwa ajili ya samaki wangu, kwa sababu ya kelele zangu, na aliposhindwa kuitoa akaogopa kelele zile zile.

Baada ya siku hiyo mtaa uligawanyika. Wengine walisema tuna waya wetu wa siri, wakaja kuchungulia kwa visingizio vya kuomba chumvi. Wengine wakasema, kama mwalimu analipa sisi tunajitesa kwa nini, wakaenda kulipa. Transfoma haikuletwa, wala mwaka huo wala uliofuata. Friza yangu unaijua. Ndiyo ile mnamoweka nguo za watoto, uliyokuwa ukidhani ni sanduku. Biashara yangu ilikufa humo ndani.

Papa yako hakukaa tena na wanaume wa mtaa. Jioni alikuwa akisahihisha daftari za wanafunzi kwa taa ya mafuta, ameinama, na hakuna aliyemwita. Aliugua, akafa kabla umeme haujarudi. Kwenye matanga walikuja wote, siwezi kuwasingizia, na Papa Asumani alileta taa yake mwenyewe akaitundika mlangoni. Lakini nilimwonea papa yako huruma kubwa, kwamba walikuja kukaa naye alipokuwa hawezi tena kuwaona.

Matanga yalipokwisha nilikwenda benki na cheti cha kifo. Binti aliyekuwa dirishani alikuwa na moyo mzuri, akanisomea taratibu yaliyokatwa. Nikamuuliza kuhusu umeme. Akasema, "Pole, mama. Iliendelea." Mwezi tuliomzika, papa yako alikuwa amelipa umeme. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Sasa nikujibu. Sikukatazi kutia sahihi. Najua unafanya kazi mbali, najua foleni zilivyo, na najua pesa ikikaa mfukoni mwako itaombwa na kila mtu. Lakini usitie sahihi peke yako. Mwite mke wako, msome pamoja, ajue ni nini kinatoka, lini, na kwa nani. Kabla hujawauliza benki namna ya kuanza, waulize namna ya kuacha, na kama hawana jibu la kueleweka, rudi nyumbani na karatasi yako. Kila mwezi kaeni chini muangalie kilichokatwa, hata kama mnaona uvivu. Mtaa ukikubaliana jambo, uangalie kwanza pesa zako zinafanya nini huko usipoziona. Na ukikwama, sema. Sema hata kama mke wako ana ulimi kama wa mama yako. Yeye naye nitamwambia, asiwe mtu wa kuogopwa nyumbani kwake.

Mungu akulinde, mwanangu, na aibariki kazi yako. Akupe nyumba yenye mwanga, na ndani yake mtu atakayekuuliza mwanga huo umelipiwaje, nawe usiogope kumjibu.