Nyumba Iliyotobolewa Baba Akiwa Vitani

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya moshi uliokosa pa kutokea. Nyumba yetu ya Kaniha, wilayani Biharamulo, ilikuwa na mlango mmoja na haikuwa na dirisha hata la kupitisha mkono. Baba aliijenga harakaharaka kwa miti na udongo tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, na kwetu sisi Wasukuma tuliotoka Shinyanga na ng'ombe wetu, nyumba isiyo na matundu ndiyo ilikuwa nyumba: mwizi hapiti, fisi hapiti, na macho ya jirani mbaya hayapiti. Ndama walilala karibu na mlango, mafiga yalikuwa katikati, na sisi tulilala nyuma kabisa. Mdogo wangu Kabula, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, alihamia kitandani kwa Bibi, kama ilivyokuwa desturi. Asubuhi tulitoka macho mekundu na makamasi meusi, tukachekana. Nilidhani dunia nzima inaamka hivyo.

Mwaka wa vita, Baba aliondoka na mgambo kwenda mpakani, na mama yake, yaani huyo Bibi, akaanza kukohoa. Bibi aliamini kwamba upepo ndio unaoleta kifua, kwa hiyo kila alipokohoa tuliziba: matambara chini ya mlango, gunia juu yake. Alipokonda na kutema damu, Mama alimpeleka hospitali ya wilaya kwa lori la pamba. Waliporudi, Mama alikuwa na jambo kichwani. Aliniambia, mimi mtoto wake mkubwa, kuhusu wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, yenye madirisha pande mbili zinazotazamana, wazi mchana na usiku. Nesi alimweleza kuwa ugonjwa huo hutoka na kikohozi, huelea hewani bila kuonekana, na nyumba ikizibwa hubaki humohumo mpaka upate mtu wa kuuvuta. Bibi alipewa dawa, vidonge na sindano za kuchoma zahanati kwa muda mrefu. Siku hiyohiyo Mama alimtoa Kabula kitandani kwa Bibi. Mtoto alilia, Bibi naye akalia. Lakini nyumba ilikuwa chumba kimoja. Kumtoa kitandani na kumlaza mkekani kulikuwa kumpeleka wapi, na hewa ni ileile?

Basi Mama akachukua panga ili atoboe ukuta. Bibi alisimama mbele yake, mikono imetanuka. "Mkaza mwanangu, unambomolea nyumba mwanaume aliye vitani?" Kwa wazee wetu, ukuta wa mtu aliyekwenda vitani haukuguswa mpaka arudi, tundu utakalolitoboa ndilo habari mbaya itakalopitia. Majirani wote waliokuja kushangaa walikuwa upande wa Bibi. Nami pia, kwa sababu nilimtaka Baba yangu arudi. Mama mwenyewe aliogopa, ila panga hakuliweka chini. Aliinama akatupa majani mabichi kwenye moto. Moshi ulipanda, ukagonga nyasi za paa, ukashuka taratibu ukamfunika Kabula pale mkekani, naye akaanza kupaliwa.

"Tazama, mayu," Mama alimwambia Bibi, akimwita mama kwa heshima ya kwetu. "Moshi huu umekwenda wapi? Kikohozi chako nacho kinakwenda hapohapo."

Bibi alimtazama Kabula akipaliwa. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hilo panga. Nyumba ni ya mwanangu. Nikiibomoa mimi niliyemzaa, hakuna wa kuniuliza." Akaanza kukata fito za ukuta wa nyuma, anakata, anakohoa, anashika ukuta, anakata tena. Mama hakumpokonya. Mwanga uliingia, udongo ukatuangukia kichwani, lakini moshi ulizungukazunguka tu na kubaki ndani. Mama akakunja uso, akaenda ukuta wa pili unaotazamana na ule, akatoboa huko pia. Hapo ndipo moshi ulipolala upande mmoja, ukatoka mbio. Bibi alicheka, machozi yanamtoka, sijui ni ya moshi au ya mwanawe. Tangu siku hiyo Mama alimlaza Bibi upande ambako upepo ulitoka kwenda nje, na sisi watoto upande ulikoingilia.

Haukupita muda, ikatoka amri kwamba usiku taa zisionekane, ndege za adui zisije zikatuona. Balozi wetu wa nyumba kumi alifika jua likizama. Mama alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha fimbo ukutani.

"Ziba hayo matundu, mama. Koroboi yako inaonekana mpaka Nyamahanga."

"Taa nitazima, mzee. Matundu siyazibi."

"Mtakula gizani?"

"Tutakula jua likiwapo."

Na ndivyo tulivyoishi. Chakula cha jioni kililiwa mapema, majivu yakafunika moto, koroboi ikawekwa kando. Wenzangu walituita watu wa zizini. Usiku baridi ilituingia mpaka mifupani, na nasema wazi kwamba nilimchukia Mama kwa baridi ile. Kila asubuhi yeye aliamka, akaweka sikio kifuani kwa Kabula, akasikiliza, ndipo akaenda kuwasha moto.

Vita viliisha, Baba akarudi mzima. Kabla ya kuingia aliizunguka nyumba, akachungulia kwenye tundu. "Nani kanitobolea nyumba?" Bibi, ambaye alikuwa ameanza kunenepa, akajibu, "Mimi." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo alitengeneza fremu za mbao. Kabula hakuugua kifua, siku ile wala baadaye.

Sasa ninaishi Biharamulo mjini, kwenye nyumba yenye madirisha ya vioo, ambayo huwa nimeyafunga kwa ajili ya vumbi na wezi. Juzi wajukuu walijaa sebuleni wakitazama televisheni, mmoja anakohoa, mwingine anapiga chafya, na hakuna aliyejali, mimi nikiwamo. Umeme ulipokatika ndipo wote walipopiga kelele. Kabula, sasa mwanamke mwenye mvi, ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni. Hakusalimia mtu. Alipapasa ukuta, akafungua dirisha la mbele, akapita katikati ya watoto, akafungua na la nyuma. Pazia likainuka.

"Bibi mdogo, tuwashe jenereta?" mtoto mmoja akamuuliza.

"Kaeni gizani kidogo," alisema, akavuta pumzi ndefu. "Hewa inapita."

Ndipo akaniamkia.